Wakili wa Kesi Zilizokwisha Kuamuliwa

Ndugu Mwenyekiti, mawakili wenzangu, walimu, nanyi wanafunzi wa sheria mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mwanasheria aliyekuja kuwa kiongozi wa taifa. Nadhani waandaaji walimtazamia Gandhi au Mandela, maana hao huletwa kila mwaka na habari zao tumezikariri. Mimi nimekuja na Mreno. Naona wazee wa mstari wa mbele wameanza kutazamana, na wana haki. Pwani hii inamjua Mreno kwa Ngome ya Yesu na mizinga yake, na watu wa mpakani kule Mtwara na Ruvuma wanamjua kwa mlio wa ndege zake miaka ile ya vita vya Msumbiji. Hata hivyo nivumilieni. Mreno huyu, Mário Soares, ndiye waziri wa mambo ya nje aliyesafiri mpaka Lusaka mwezi Juni 1974 kuonana ana kwa ana na Samora Machel, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji. Kabla ya hapo alikuwa wakili wa watu ambao serikali ya nchi yake iliwaita maadui wa taifa. Baadaye aliongoza serikali tatu akiwa waziri mkuu, kisha akawa rais kwa miaka kumi.

Langu ni moja, nanyi mtanipinga wakati wa maswali. Soares alikuwa hodari zaidi katika kesi iliyokwisha kushindwa kuliko katika ofisi aliyokwisha kuishinda. Kazi yake aliisomea mbele ya mahakama ambayo hukumu yake ilijulikana kabla wakili hajafungua kinywa. Huko ndiko alikotoa ubora wake, na udhaifu wake pia.

Alizaliwa Lisbon tarehe 7 Desemba 1924. Baba yake, João Soares, alikuwa padri aliyeacha upadri, akashika kwa muda mfupi wizara ya makoloni wakati wa Jamhuri ya kwanza, na wanajeshi walipoipindua Jamhuri hiyo mwaka 1926 akaandamwa kama mpinzani. Ndiye aliyeanzisha shule ya Colégio Moderno mjini Lisbon. Kwa hiyo mtoto wa waziri wa makoloni ndiye aliyekuja kutumwa kuyaachia makoloni. Historia ina vituko vyake.

Katika shule hiyo ya baba alifundisha kijana mmoja aliyeitwa Álvaro Cunhal, mkomunisti, na Mário alikuwa mwanafunzi wake. Mwekeni Cunhal akilini, nitarudi kwake. Kwa ajili yenu wanafunzi niongeze tu kwamba Cunhal naye alisoma sheria, na mwaka 1940 alitolewa gerezani chini ya ulinzi kwenda kutetea tasnifu yake, mada ikiwa utoaji mimba. Mmoja wa maprofesa waliomhoji alikuwa Marcelo Caetano, aliyekuja kuwa mtawala wa mwisho wa udikteta uliofuata mapinduzi yale ya 1926. Wakampa alama 16 kati ya 20. Ninyi mnaolalamika kwamba jopo la tasnifu ni kali, tafakarini.

Mário mwenyewe alijiunga na wakomunisti angali kijana, akaachana nao mwanzoni mwa miaka ya 1950. Februari 1949 alifunga ndoa na Maria Barroso, na wakati huo bwana harusi alikuwa mfungwa. Bibi harusi alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Utawala ulimfungia jukwaa, ukamfungia na ualimu. Mário alimaliza shahada ya historia na falsafa mwaka 1951, kisha akarudi chuoni kusoma sheria, akahitimu mwaka 1957 akiwa na umri wa miaka 32, mume na baba wa watoto.

Sasa tuingie mahakamani.

António de Oliveira Salazar aliitawala Ureno tangu 1932. Hakuwa mtawala wa kupiga watu risasi hadharani kila siku. Alipenda karatasi, mihuri na vifungu. Mwaka 1945 serikali yake iliunda mahakama maalumu za makosa ya kisiasa, moja Lisbon na nyingine Porto, zikaitwa Plenários. Ile ya Lisbon ilikaa Boa Hora, jengo lililokuwa zamani nyumba ya watawa. Mshtakiwa aliletwa hapo baada ya kupita mikononi mwa polisi wa siri, PIDE, ambao walikuwa na mbinu mbili mashuhuri: kumnyima mtu usingizi siku nyingi mfululizo, na kumsimamisha wima kama sanamu mpaka miguu ivimbe. Wakili hakuruhusiwa kuwapo wakati wa mahojiano hayo. Alichokisema mtu akiwa katika hali hiyo ndicho kilichosomwa mbele ya majaji kama ushahidi.

Ukidhani hapo ndipo penye ubaya, subiri. Mwaka 1956 ikatoka sheria ya kile walichokiita hatua za usalama. Mfungwa aliyekwisha kutumikia kifungo chake chote aliweza kuzuiliwa tena kati ya miezi 6 na miaka 3, na muda huo ukaongezwa, na ukaongezwa tena. Mtu alihukumiwa miaka miwili akakaa saba. Sisi wanasheria tuna tabia ya kudhani kwamba udikteta ni kukosekana kwa sheria. Ureno ya Salazar ilikuwa na sheria tele, zimepigwa chapa vizuri, na kila dhuluma ilikuwa na kifungu chake.

Katika mahakama hiyo wakili hufanya nini? Hawezi kushinda. Majaji wanajua atakachosema, naye anajua watakachoamua. Ukiwatazama akina Soares, na rafiki yake Francisco Salgado Zenha, na wengine waliovaa majoho kwa ajili ya wafungwa wa kisiasa mara nyingi bila malipo, unaona kwamba waligeuza kazi. Waliacha kuzungumza na jaji wakazungumza na chumba: na mama wa mshtakiwa aliyekaa kwenye benchi, na mwandishi wa habari wa kigeni kama yupo, na karatasi za kumbukumbu ambazo siku moja zitasomwa na mtu mwingine. Walimuuliza shahidi wa polisi maswali ambayo jaji atayakataza, kusudi lisikike lile katazo. Na wengi wa wateja wa Soares walikuwa wakomunisti, watu wa chama alichokikimbia. Aliwatetea hivyo hivyo. Yeye mwenyewe alikamatwa mara 12 maishani, na jumla ya muda wake gerezani inakaribia miaka 3, kwa hiyo mteja na wakili walikuwa wakipishana mlangoni.

Kesi iliyomfanya ajulikane nje ya Ureno ni ya Jenerali Humberto Delgado. Jenerali huyo aligombea urais mwaka 1958 dhidi ya mgombea wa serikali. Katika mkutano na waandishi aliulizwa atamfanya nini Salazar akishinda, akajibu kwamba bila shaka atamfukuza kazi. Nchi nzima ilishtuka, maana maneno hayo hakuna aliyewahi kuyatamka kwa sauti. Kura zilihesabiwa kama zilivyohesabiwa, Delgado akaishia uhamishoni. Februari 1965 PIDE walimvuta kwa hila mpaka mpakani upande wa Hispania, karibu na Badajoz, wakamuua pamoja na katibu wake. Soares akawa wakili wa familia. Alivuka kwenda Hispania ya Franco, dikteta mwenzake Salazar, kudai ukweli juu ya mauaji yaliyofanywa na polisi wa nchi yake. Hakupata haki yoyote, lakini jina la PIDE liliandikwa katika magazeti ya Ulaya.

Salazar hakusahau. Machi 1968, bila mashtaka mbele ya mahakama, Soares alisafirishwa kwenda São Tomé, kisiwa kilichokuwa koloni la Ureno katika Ghuba ya Guinea. Mwanasheria aondolewe bila hata ile mahakama ya maigizo! Naona hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kupewa kortini. Mwaka ule ule Salazar alipata maradhi ya ubongo baada ya kuanguka, Caetano akashika usukani, na Novemba Soares akarudishwa Lisbon. Watu walitumaini Caetano angelegeza kamba. Alikuwa profesa wa sheria ya utawala, mtu msomi sana. Hakulegeza. Soares alipokwenda nje na kusema hadharani kwamba vita vya Afrika ni vya kipumbavu, milango ilianza kufungwa tena. Julai 1970 baba yake alifariki. Akarudi kumzika, akaambiwa achague kati ya kuondoka na kuingia jela. Akaenda Ufaransa, akafundisha vyuoni.

Chama cha Kisoshalisti alikianzisha Ujerumani ya Magharibi, katika mji mdogo wa Bad Münstereifel, tarehe 19 Aprili 1973, watu wasiozidi idadi ya abiria wa basi moja dogo. Miongoni mwa waliopiga kura ya kupinga kuanzishwa kwake alikuwamo mkewe, Maria Barroso. Hiyo ni demokrasia ya ndani ambayo baadhi ya vyama vyetu vingeweza kuitamani.

Mwaka mmoja na siku sita baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, maofisa vijana wa jeshi waliochoshwa na vita vya Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji waliuangusha utawala kwa siku moja, na wananchi wakawachomekea maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Soares alifika Lisbon kwa treni kutoka Paris tarehe 28, akapokewa na umati kwenye stesheni ya Santa Apolónia. Katikati ya Mei alikuwa waziri wa mambo ya nje.

Hapa sasa ndipo anapotuhusu sisi, na hapa nitakaa kidogo.

FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Rais wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu hapa Dar tarehe 3 Februari 1969. Kwa hiyo Soares alipoingia ukumbini Lusaka mwanzoni mwa Juni 1974, mwenyeji akiwa Kenneth Kaunda, waliokaa upande wa pili walikuwa watu waliopigana miaka kumi huku migongo yao ikiegemea Tanzania. Picha tunazijua: Mreno anavuka chumba, anamkumbatia Samora. Wapo waliomsifu kwa hilo, na wapo Wareno ambao hawakumsamehe mpaka anakufa.

Mkimtazama kwa jicho la wakili, mtaona shida aliyokuwa nayo. Alikuwa na mteja mbaya. Rais wa muda, Jenerali António de Spínola, alimtuma aombe usitishaji wa mapigano tu. Mambo ya uhuru yangengoja kura ya maoni, na moyoni jenerali aliota shirikisho ambalo Lisbon ingebaki kuwa mama. FRELIMO ilijibu kwamba mtumwa haulizwi kama anataka uhuru, na kwamba kilichobaki kujadiliwa ni namna ya kukabidhi madaraka. Soares alijua wana hoja. Alijua pia kwamba askari wa Ureno kule Msumbiji hawakutaka tena kupigana, na Otelo Saraiva de Carvalho, aliyepanga operesheni ya 25 Aprili, alikuwa naye katika ujumbe na hakuficha mawazo yake. Wakili ameingia na hati ambayo haitetei, mbele ya mpinzani anayemwamini kuliko mteja wake. Mazungumzo hayo hayakuzaa mkataba.

Lakini yalizaa kitu kingine. Alirudi Lisbon akiwa na jibu ambalo Spínola asingeweza kulikwepa, na tarehe 27 Julai ikatoka sheria nambari 7 ya mwaka 1974, iliyotambua haki ya makoloni kujitawala, na uhuru ukiwemo. Kazi ngumu ya kupatana ilikamilishwa zaidi na Meja Melo Antunes, katika mazungumzo yaliyofanyika hapa hapa Dar es Salaam, kisha mkataba ukatiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba. Joaquim Chissano akaongoza serikali ya mpito, na tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO kuanzishwa, Msumbiji ikawa huru.

Nchini kwake Soares alibeba lawama ya yote. Wareno zaidi ya nusu milioni walirudi kutoka Afrika, wengi wakiwa na masanduku tu, katika nchi ya watu wapatao milioni tisa. Wakamwona yeye ndiye aliyewauza. Sikubaliani nao. Aliyewauza ni yule aliyekataa kuzungumza tangu 1961 mpaka 1974. Ila kuhusu Angola nitakuwa mkali kidogo: mkataba wa Alvor wa Januari 1975, ambao Soares alishiriki kuujadili, ulivipa vyama vitatu vyenye silaha serikali moja na haukumpa mtu yeyote nguvu ya kuusimamia. Karatasi nzuri isiyo na msimamizi. Wakili mzoefu alipaswa kuliona hilo. Vita vya huko havikwisha mpaka 2002.

Mwaka 1975 Lisbon yenyewe ilikuwa ikitokota. Benki zilitaifishwa, mashamba makubwa ya kusini yalitwaliwa, na wengi waliamini wakomunisti pamoja na mrengo mkali wa jeshi wangechukua nchi. Husimuliwa kwamba Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alimwambia Soares atakuwa Kerensky wa Ureno, yaani yule waziri mkuu wa Urusi aliyefagiliwa na Lenin. Soares akasema hataki kuwa Kerensky. Kissinger akamjibu kwamba hata Kerensky hakutaka. Kwa Marekani kesi ilikuwa imekwisha. Kwa Soares hiyo ndiyo aina ya kesi aliyoizoea.

Uchaguzi wa Bunge la Katiba ulifanyika tarehe 25 Aprili 1975, ukajitokeza umati ambao Ureno haijawahi kuuona tena, zaidi ya asilimia 90 ya waliojiandikisha. Wasoshalisti walipata karibu asilimia 38, wakomunisti chini ya 13. Julai aliitisha mkutano mkubwa Lisbon, pale Fonte Luminosa, akausema ukweli huo wa hesabu kwa sauti. Na tarehe 6 Novemba akakaa mbele ya kamera za televisheni na mwalimu wake wa zamani, Álvaro Cunhal, wakabishana kwa saa kadhaa, nchi nzima ikitazama. Soares alimshutumu kwamba anataka kuleta udikteta mwingine. Cunhal akamjibu kwa upole wa mwalimu: angalia, sivyo hivyo, angalia, sivyo. Wareno bado wanayarudia maneno hayo kwa utani. Baada ya majuma matatu, tarehe 25 Novemba, jaribio la askari wa mrengo wa kushoto lilizimwa, na hatari ikapita.

Alipopata madaraka yenyewe, mambo hayakuwa matamu. Nitapita haraka. Serikali zake mbili za 1976 hadi 1978 zilikuta hazina tupu, akaenda Shirika la Fedha la Kimataifa, akabana matumizi, mpaka ikasemwa kwamba ameufungia usoshalisti kwenye mtoto wa meza. Aliomba Ureno ikubaliwe katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya mwaka 1977. Mwaka 1978 Rais Eanes alimwondoa. Akarudi 1983 akiwa na muungano na wapinzani wake wa mrengo wa kulia, akaenda tena Shirika la Fedha, mishahara ikachelewa viwandani, na askofu wa Setúbal, Manuel Martins, akasema wazi kwamba kuna njaa jimboni mwake. Alitia saini mkataba wa kuingia Ulaya tarehe 12 Juni 1985 katika nyumba ya watawa ya Jerónimos. Miezi minne baadaye chama chake kiliangukia karibu asilimia 21 ya kura.

Na hapo hapo, mtu aliyechokwa na karibu kila mtu, akatangaza kugombea urais. Kura za maoni zilimpa asilimia 8. Kushoto kwake alijitokeza rafiki yake wa ujana, Salgado Zenha, waliyekosana tangu 1980. Katika mji wa Marinha Grande alishambuliwa na waandamanaji, picha zikaenda nchi nzima, na huruma ikaanza kumgeukia. Duru ya kwanza, Januari 1986, Diogo Freitas do Amaral wa mrengo wa kulia, profesa wa sheria naye, alipata asilimia 46 na Soares 25.

Sasa Soares alihitaji kura za wakomunisti, wale aliowashinda 1975. Cunhal aliitisha mkutano mkuu wa dharura, akawaambia wanachama wake: ikibidi, funikeni picha yake kwa mkono mmoja na mpige kura kwa mwingine. Wakapiga. Tarehe 16 Februari Soares alishinda kwa asilimia 51 na nukta kidogo. Wengine husema wakomunisti walichagua ubaya ulio nafuu. Mimi nadhani baadhi yao walikumbuka nani aliyevaa joho kwa ajili yao pale Boa Hora, ingawa hilo siwezi kulithibitisha mbele ya jaji yeyote.

Urais ulimfaa kwa sababu katika katiba yao rais hatawali kila siku. Alihamishia ofisi yake mikoani kwa vipindi, akisikiliza watu, na mwaka 1991 walimrudisha kwa asilimia 70. Aliondoka 1996, akapokewa na Jorge Sampaio, wakili mwingine aliyewatetea wafungwa wa kisiasa.

Angekuwa na busara angekaa nyumbani. Mwaka 2006, akiwa na miaka 81, aligombea tena, akawa wa tatu kwa asilimia 14, nyuma ya mshairi Manuel Alegre, rafiki mwingine aliyegeuka mshindani. Mtagundua kwamba marafiki walimgharimu sana bwana huyu, au yeye aliwagharimu. Halafu Ureno ikarudi tena kwa Shirika la Fedha mwaka 2011, na mwaka 2013 mzee wa miaka 88 aliwakusanya watu katika ukumbi wa Aula Magna wa Chuo Kikuu cha Lisbon kupinga kubanwa kwa wananchi. Yule yule aliyebana mara mbili. Ningetamani kumpandisha kizimbani nimhoji juu ya hilo, na nina hakika angenishinda. Alifariki tarehe 7 Januari 2017.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nakaribisha maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa wanaoona nimemtetea mno kuhusu Angola.